Kocha anataka nimpigie mama wa mchezaji kwa sababu najua Kiswahili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mkenya, nina miaka 29, na nimekaa Marekani tangu nilipokuja kusomea shahada ya uzamili ya takwimu. Nilipomaliza nilipata kazi ambayo watu wa nyumbani hawaielewi hadi leo: mchambuzi wa takwimu katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu kimoja cha serikali. Ule mpira wao wa kofia ngumu na kugongana vifua. Kazi yangu ni hesabu. Nani amesaini, nani anahitimu, nani anahama, nani ana skolashipu na nani anajilipia. Ukutani kwa kocha mkuu kuna ubao, kila mchezaji ana kijibao chake cha sumaku chenye jina, na mimi ndiye ninayevihamisha.

Chuo chetu hakikujiunga na yale makubaliano ya mahakamani ya 2025 yaliyoondoa kikomo cha skolashipu za wanamichezo, kwa hivyo bado tunabanwa na kikomo cha zamani: wachezaji 85 wenye skolashipu, hata mmoja zaidi hapana. Kocha husajili kupita hapo kila mwaka kwa sababu anajua wengine wataondoka. Mwaka huu hawakuondoka wa kutosha. Tulipojumlisha vijana wapya kutoka sekondari na wale waliohamia kwetu kutoka vyuo vingine, ubao ulisoma 89. Kufikia Agosti lazima usome 85. Watatu wamekwisha kwenda, kila mmoja kwa njia yake, na sikuulizwa kitu. Amebaki mmoja.

Nitamwita Baraka, lakini si jina lake. Ana miaka 19, anacheza safu ya mbele, mtoto wa familia ya Wakongomani wa Kivu waliofika huku kama wakimbizi baada ya miaka mingi ya kambi. Msimu uliopita aliumia goti, akafanyiwa upasuaji wa kano. Anaendelea vizuri. Nimemsikia kwa masikio yangu mtaalamu wa tiba wa timu akisema kijana atarudi uwanjani. Daktari mwenyewe hajaandika kitu bado. Lakini kocha anataka Baraka akubali "skolashipu ya tiba", yaani chuo kiendelee kumlipia masomo, ila ahesabiwe kama mtu ambaye hatacheza tena, na hivyo atoke kwenye ile 85.

Baraka amekataa. Anasema yeye atacheza.

Hapo ndipo nilipoitwa. Kocha anajua kwamba wakati wa kumsajili kijana huyu mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilikula kwao. Mama yake alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Weye uko mutoto yetu pale, umuangaliye ndugu yako." Sasa kocha anataka nimpigie mama huyo nimweleze, kwa Kiswahili, kwamba jambo hili ni zuri kwa mwanawe: shule italipwa, shahada ataipata, goti litapumzika. Niongeze kwamba akikataa mambo yanaweza kuwa magumu. Na mambo ya 85 nisiyaguse, "yatamchanganya".

Kabla hata sijajibu, mama mwenyewe alinipigia. Kuna maneno ameyasikia. Aliniuliza swali moja ambalo limeninyima usingizi: "Bakimutosha mutoto ku mupira, batatutosha na siye mu Amerika?" Yaani, wakimtoa mtoto kwenye mpira, watatutoa na sisi Amerika?

Wenzangu Wakenya niliowaeleza wanasema ninajitafutia shida. Mtoto anasoma bure, goti linapona, kocha hajavunja sheria, wewe una mshahara. Na ni kweli kwamba visa yangu ni ya kazi, H-1B, imefungwa na kazi hii. Nikifutwa, nina siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kufunga virago.

Shangazi, nipige hiyo simu? Nikikataa, si atatafutwa mwingine aipige vibaya kuliko mimi? Na mimi ambaye nimehamisha vijibao vile miaka yote hii, nina tofauti gani na kocha?

Wako,
Nimebanwa, Marekani

*

Marahaba, mwanangu.

Usiipige hiyo simu. Nimetanguliza jibu kwa sababu kocha wako hatasubiri nimalize maelezo. Sasa tuzungumze.

Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya misaada ya masomo ya chuo kikuu huku huku Marekani, na barua za skolashipu za wanamichezo zilipita mezani kwangu. Kwa hiyo sitakuambia kwamba kuhesabu watu ni dhambi. Kikomo kikiwepo, lazima awepo wa kuhesabu. Na kocha naye ana hoja ambayo wanaomlaumu hupenda kuiruka: ukisaini 85 kamili majira ya baridi, Agosti utajikuta na 78, maana yupo atakayefeli, yupo atakayekumbuka kwao, yupo atakayeona benchi ni refu akahama. Kusajili ziada kidogo ni kubahatisha kwa akili. Ninachouliza ni kwamba bahati ikigoma, nani analipa? Kampuni ya basi ikiuza tiketi 64 kwa viti 60, na abiria wote wakatokea stendi alfajiri, ipo kampuni itakayowalaza wanne hotelini kwa fedha yake na kuwapakia basi la kesho. Na ipo ambayo konda wake ataangaza macho, amtafute yule mama mwenye mizigo asiyejua kubishana, amwambie kwa upole kwamba tiketi yake ina kasoro. Kocha wako amechukua njia ya konda. Wewe anakutaka kwa ajili ya ule upole.

Mtindo huu una umri. Mwaka 1973 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu huku, kiliweka kwa mara ya kwanza kikomo cha skolashipu za futiboli, 105 kwa timu. Kabla ya hapo vyuo vyenye fedha viliweza kurundika wachezaji hata ambao hawakuwahitaji, almuradi mpinzani asiwapate. Jambo jema, basi. Lakini mwaka huo huo chama kiliondoa skolashipu za miaka minne, kikazifanya za mwaka mmoja mmoja, za kuhuishwa kila mwaka. Yaweke hayo mawili pamoja uone yalivyozaa: nafasi zikawa chache, na kocha akapewa kisu cha kuzikata. Kikomo kikashuka hadi 95 mwaka 1978, kisha kikafika 85 mwaka 1994, na kila kiliposhuka kisu kilizidi kuwa na kazi.

Majina ya walioumbuka unayajua kuliko mimi, ila wasomaji wengine hawayajui. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Mississippi, chini ya kocha Houston Nutt, kilisaini vijana 37 kwa mkupuo, ilhali kanuni iliruhusu wapya 25 tu kwa mwaka. Ligi yao, SEC, ikaweka ukomo wa 28, na watu wakauita kwa jina la kocha huyo. Mwaka 2010 huko LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, kijana mmoja wa safu ya mbele alikwisha kuhamia bwenini, Agosti, ndipo akaambiwa nafasi haipo, asubiri hadi Januari aanze upya. Wenyewe huita hiyo kuvikwa shati la kijivu. Akaondoka kwenda Kentucky. Baadaye alirudi LSU akacheza, jambo linaloonyesha kwamba uwezo haukuwa tatizo lake. Mwaka huo huo gazeti la The Wall Street Journal liliandika kwamba Chuo Kikuu cha Alabama, chini ya kocha Nick Saban, ilikuwa imetoa skolashipu za tiba zisizopungua 12 tangu 2007, na baadhi ya wachezaji walisema walisukumwa wazipokee wakati wao walijiona wazima. Chuo kilijibu kwamba uamuzi wa tiba hufanywa na wataalamu wa tiba.

Mwaka 2011 rais wa Chuo Kikuu cha Florida, Bernie Machen, aliandika hadharani kulaani mashati ya kijivu, na miezi michache baadaye marais wa vyuo vya SEC wakashusha 28 kuwa 25, makocha wao wakinung'unika. Wakaamua pia kwamba ofisi ya ligi isimamie zile skolashipu za tiba. Tafakari hilo. Hakuna anayeweka msimamizi mlangoni pasipopita wezi.

Na usije ukaambiwa haiwezekani kuendesha timu bila ujanja huu. Ligi ya Big Ten ilipiga marufuku usajili wa kupita kikomo tangu 1956. Mwaka 2002 ikalegeza kidogo, ikaruhusu ziada ya watatu, kwa sharti kwamba chuo kieleze kwa maandishi jinsi kila nafasi itakavyopatikana. Ohio State na Michigan, timu za ligi hiyo, hazikufa njaa.

Sasa rudi kwenye barua yako, hasa pale kocha anaposema mambo "yanaweza kuwa magumu". Magumu namna gani? Mwaka 2015 ligi kubwa tano zilipiga kura kwamba mchezaji asinyang'anywe skolashipu kwa sababu za kiuwanjani. Tangu Agosti 2024 ulinzi huo umekuwa wa vyuo vyote vya daraja la kwanza la NCAA, pamoja na chenu. Baraka akiwa na skolashipu, akifaulu masomo yake na asivunje kanuni za chuo, kocha hawezi kumfutia kwa sababu ya goti wala kwa sababu amepata kijana mwingine mwenye mabega mapana zaidi. Na hata ikitokea chuo kikapunguza au kikakataa kuhuisha, mwanafunzi ana haki ya kusikilizwa na chombo kilicho nje ya idara ya michezo. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Wanamichezo waliofika walikuwa wachache kwa sababu wengi hawakujua kwamba barua waliyopewa ilikuwa na ukurasa wa pili.

Ndiyo maana unatafutwa wewe. Zamani kocha angekata tu. Leo milango iliyobaki ni mitatu: kijana ahame kwa hiari, daktari athibitishe kwamba hatacheza tena, au kijana aharibu mwenyewe. Wa kwanza na wa pili inahitaji mtu aseme "ndiyo". Kinachosakwa hapa ni ridhaa, na Baraka ameikatalia, kwa hiyo inazungukwa nyuma ya nyumba ikaombwe kwa mama, kwa lugha ambayo mama hawezi kuishuku. Kocha huyu ni mjanja. Amejua kwamba kijana wa kwetu anaweza kumwambia kocha hapana, lakini mama akisema "mwanangu, kubali", atainamisha kichwa.

Kuna na suala la kisheria ambalo nadhani hukulifikiria kwa sababu wewe umelelewa kama mimi, mzazi ndiye mwenye mtoto. Huku, kijana akishaingia chuo kikuu, haki juu ya kumbukumbu zake za masomo huhamia kwake. Habari za matibabu yake ni zake vilevile. Wewe, mtu wa takwimu, kumpigia mzazi kuzungumzia goti la mtu mzima wa miaka 19 bila yeye kuruhusu, ni jambo ambalo ofisi ya sheria ya chuo chako ikilisikia itashika kichwa. Hiyo peke yake inatosha kuwa jibu kwa kocha, na ni jibu lisilomtukana.

Wenzako wanaosema "si bado anasoma bure?" nisiwapuuze, maana wana jambo. Skolashipu ya tiba ni miongoni mwa kanuni za huruma kabisa ambazo NCAA imewahi kuziandika. Kijana aliyevunjika shingo au ambaye moyo umeonyesha hitilafu, hatupwi. Anasoma mpaka mwisho na timu haiadhibiwi kwa kumtunza. Nimewaona waliopata shahada kwa njia hiyo. Lakini kanuni inamhusu mtu ambaye, kwa dalili zote, hataweza kucheza tena. Mtaalamu wenu anasema atacheza. Kumweka huyu kwenye kundi la wale ni kusema uongo kwenye karatasi rasmi, na karatasi hiyo itatembea naye. Akitaka kuhamia chuo kingine anaweza kucheza huko, madaktari wa huko wakimkubali, ila atafika akiwa na maandishi ya chuo chenu yanayosema goti lake limekwisha. Kocha gani atamtanguliza kijana wa namna hiyo?

Halafu angalia mpangilio wa mambo. Daktari hajaandika kitu, lakini kocha anayo tayari tarehe, jina na namba anayotaka isomeke ubaoni. Kwenye tiba ya kweli daktari ndiye anayeanza na kocha hupata habari mwishoni, akasikitika. Mwaka 2016 zile ligi kubwa zilipitisha kanuni kwamba maamuzi ya tiba na ya kurudi uwanjani ni ya wataalamu wa tiba, na kocha asiwapinge. Uliza kama chuo chenu kina kanuni hiyo. Nitashangaa kikisema hakina.

Basi ufanye nini? Mwandikie kocha barua pepe fupi, kesho asubuhi, kabla hajakuita tena. Maandishi, si mazungumzo ya koridoni. Mwambie umefikiria ombi lake la kumpigia mama wa mchezaji, na huoni kama unafaa: wewe si mtaalamu wa tiba, mchezaji ni mtu mzima na hajakuruhusu, na kama daktari ana maelezo kwa familia basi kuna wakalimani waliosomea kazi hiyo, ambao watatafsiri kila neno litakalosemwa na kila swali litakaloulizwa. Usitaje 85. Usimtuhumu. Barua kama hiyo haina pa kushikwa, na siku mtu akiuliza nani alijua nini, itakuwa inasubiri kwenye kompyuta ya chuo.

Kocha akiinyamazia, umepona kwa wiki hiyo. Akikujia kwa hasira au akimtuma mwingine, nenda ofisi ya uzingatiaji wa kanuni. Najua mnavyowaona hao huko kwenye timu, kama askari wa barabarani. Lakini hii ni kazi yao hasa. Kuna na mtu mwingine ambaye watu wa futiboli humsahau: kila chuo mwanachama wa NCAA lazima kiwe na mhadhiri aliyeteuliwa kuwakilisha upande wa masomo katika mambo ya michezo. Halipwi na kocha, na kocha hawezi kumfuta. Mtafute, ukanywe naye kahawa.

Umeuliza kama mwingine hataipiga simu vibaya zaidi. Anaweza kujaribu. Ila nani? Kama yupo mwingine hapo chuoni anayejua Kiswahili na ambaye mama yule alimshika mkono mlangoni, usingeitwa wewe. Mgeni akipiga, mama atamwambia subiri nimuulize mwanangu, na hapo mambo yatakuwa yamerudi yanapostahili. Hoja ya "nisipofanya mimi atafanya mwingine" huwa na nguvu pale mtu anapobadilishika kirahisi. Wewe hapa hubadilishiki.

Baraka mwenyewe ana haki ya kujua mambo ambayo si siri, na sioni kosa kumwambia ukikutana naye: kwamba skolashipu yake haitegemei kukubali kwake, kwamba anaweza kuomba daktari wa pili asiyelipwa na timu, kwamba asitie saini karatasi yoyote siku aliyopewa. Akija kuamua mwenyewe kuipokea ile ya tiba, sawa, goti ni lake. Lakini adai iandikwe kwamba ni mpaka ahitimu, si kwa mwaka mmoja. Matibabu ya goti hilo pia chuo kinawajibika nayo, kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya yeye kuondoka. Hayo yote yapo kwenye kanuni za wazi. Usimwambie nini kiko ubaoni, wala kocha amesema nini ofisini. Hayo ni ya mwajiri wako hadi utakapoulizwa na mtu mwenye haki ya kuuliza.

Kuhusu wewe na vijibao. Nimelisoma swali lako mara mbili, nikaona unataka nikuambie ama huna hatia, ama una hatia kubwa. Sina hata moja. Ulihesabu kwa usahihi, na hesabu sahihi ndiyo iliyokufanya uone kwamba 89 itatafuta watu wanne wa kuwala. Wale watatu waliotangulia, kama walishauriwa kwa namna hii hii, nao walistahili kujua wanachostahili kujua. Unaweza kuanza kufanya jambo moja lililo ndani ya kazi yako kabisa: mwakani, kabla ya kusaini, mpelekee kocha makadirio yako ya wangapi wataondoka wenyewe, kwa takwimu za miaka iliyopita, na usajili wa ziada usizidi hapo. Wewe ni mtu wa takwimu. Mtindo wa Big Ten wa kuandika nafasi itatoka wapi haukatazwi kwa mtu asiye Big Ten.

Nami naona hata mkihama kesho mkajiunga na yale makubaliano, tatizo halitaisha. Huko kikomo cha skolashipu kimeondolewa, wakaweka cha kikosi: wachezaji 105 kwa futiboli. Hata kabla jaji Claudia Wilken hajaidhinisha tarehe 6 Juni 2025, vyuo vilikwisha kuanza kuwaondoa vijana wanaojilipia ili hesabu itimie, na jaji alikataa kutia saini hadi waliopoteza nafasi wawekewe kinga ya kutohesabiwa. Namba imebadilika. Anayesukumwa mlangoni ni yule yule asiye na wa kumsemea.

Visa yako sasa, maana hapo ndipo roho yako ilipo, na sikulaumu. Siku 60 ni kweli. Lakini uko chuo kikuu, na kwa kawaida H-1B za vyuo vikuu haziingii kwenye ile bahati nasibu ya kila mwaka ya kugawa visa hizo. Ukienda chuo kikuu kingine hutaingia pia. Ukienda kampuni binafsi, huenda ukalazimika. Kwa hiyo anza leo kuangalia nafasi za vyuo, na si lazima ziwe za michezo: hospitali za vyuo, ofisi za utafiti, ofisi za udahili, kote wanahitaji mtu wa takwimu. Zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kugombana na mtu, na umlipe kwa saa moja hata kama inauma. Mtu mwenye kazi ya pili mfukoni huandika barua pepe iliyotulia zaidi.

Amebaki mama. Swali alilokuuliza halihusu goti, kwa hiyo hilo unaweza kumjibu leo usiku bila ruhusa ya mtu. Mwambie ukimbizi wao haukutolewa na chuo wala na mpira, na chuo hakina uwezo wa kuuondoa. Muulize kama wamekwisha kuomba ukaazi wa kudumu, maana sheria inamtaka mkimbizi aombe akishatimiza mwaka mmoja huku, na familia nyingi huchelewa kwa kutojua. Shirika lililowapokea linaweza kuwaelekeza kwa wakili wa bei nafuu. Na muulize kama Baraka anajaza kila mwaka ile fomu ya msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho. Mkimbizi anaruhusiwa, na mwenye skolashipu ya michezo isiyofunika gharama zote za masomo anaweza kupata juu yake ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kama hajawahi kujaza, huenda kuna fedha zake zimelala huko.

Shangazi